Kona Isiyolegea: Kuunga Mbao kwa Tundu na Ulimi kwa Vifaa vya Mkono

Februari ya mwaka mmoja, mvua za Dodoma zikiwa zimekolea, nilimkabidhi mteja wa Nkuhungu kitanda cha futi tano kwa sita nilichokiunda kwa mbao za paini, na siku hiyo kona zake zote nne zilikuwa zimebana kiasi kwamba wembe usingepita kati ya mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, na tendegu, yaani mguu wa kitanda. Oktoba alinipigia simu. “Fundi, kitanda chako kinaimba,” alisema, “na wageni wanasikia.” Nilipokwenda kukitazama nilikuta mwanya wa kuingiza kadi ya vocha katika kila kona, na ulimi, yaani kichwa cha mfumbati kilichopunguzwa ili kiingie katika tundu la tendegu, ambao miezi minane kabla niliugonga kwa nyundo ndipo ukaingia, sasa ulikuwa unacheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto. Gundi haikuwa na kosa, wala misumari niliyoiongeza kwa hofu. Kosa lilikuwa langu: mbao zilikuwa mbichi, tundu lilichimbwa kwa pupa, na hapakuwa na kitu cha kuuzuia ulimi usirudi nyuma.

Nitaeleza hapa namna ya kutengeneza kona ya fremu, kwa mfano fremu ya mlango wa kabati, ya dirisha au ya meza, kwa kutumia vifaa vya mkono peke yake, hasa msumeno, patasi, randa na nyundo ya mbao. Mwishoni nitagusia kona ya sanduku na droo, ambayo ni kazi ya namna nyingine, kisha nitaeleza jinsi ya kuponya kiungo kilichokwisha kulegea.

Kwa nini kona ndiyo hushindwa kwanza

Nyuzi za mbao zimejipanga kama fungu la mirija iliyolala upande mmoja. Ukikata mbao kwa kukingama, midomo ya mirija hiyo hubaki wazi, na gundi ukiipaka hapo hunyonywa ndani badala ya kubaki juu na kushika. Msumari nao ukipigiliwa kwenye uso huo wa kichwa hupita katikati ya nyuzi badala ya kuzikata, kwa hiyo hauna cha kuung'ang'ania, na baada ya miezi michache ya kusukumwa huku na kule hutoka polepole. Kona iliyokatwa mshazari kwa pembe ya nyuzi 45 na kupigiliwa misumari inaunganisha vichwa viwili vya namna hiyo, ndiyo maana inafaa kwa fremu ya picha ukutani na haifai kwa kitu kitakachokaliwa, kuvutwa au kufungwa kwa kishindo.

Tundu na ulimi hubadilisha jambo hilo. Ulimi una mashavu mawili mapana yanayogusana na kuta za tundu ubavu kwa ubavu, mahali ambapo gundi hushika kweli kweli, na mabega yake, yaani ngazi zinazobaki mahali ulimi unapoanzia, huegemea mbao ya pili na kuizuia fremu isiyumbe kuwa msambamba. Nguvu ya kona hii inatokana na mbao kuikamata mbao. Gundi ni msaidizi, na msumari hauhitajiki kabisa.

Ukavu wa mbao, jambo ambalo Dodoma haisamehi

Mji huu una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla ya mvua hiyo kwa mwaka ni karibu milimita 550 hadi 600 tu; miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu unaopasua midomo ya watu na mbao pia. Mbao nyingi za paini tunazozinunua hapa zinatoka Nyanda za Juu Kusini, hasa katika shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, ambako kuna baridi na unyevu. Mbao iliyopasuliwa huko wiki tatu zilizopita na kushushwa Dodoma bado imejaa maji, hata kama uso wake umekauka kwa kupigwa na jua juu ya lori.

Mbao inapokauka hainywei kwa kiasi sawa pande zote. Kwa urefu haipungui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana na unene hupungua, na upungufu unaofuata mviringo wa pete za mti ni karibu maradufu ya ule unaokwenda kutoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome. Hii maana yake ni kwamba ulimi uliokatwa kutoka mbao mbichi utakonda kwa unene na upana wake, tundu nalo litabadilika umbo, na vitu viwili vilivyokuwa vimebanana vitaachana. Unapochagua mbao dukani tazama kichwa chake: ile ambayo pete zake zimesimama wima kutoka uso hadi uso itatulia kuliko ile ambayo pete zake zimelala kama bakuli lililofunikwa, kwa kuwa hii ya pili hupenda kujikunja.

Kipimo cha ukavu ninachokiamini hakihitaji mashine. Kata kipande cha mbao hiyo hiyo chenye urefu wa sentimita 30, si kutoka mwisho wa mbao bali umbali wa nusu mita kwa ndani, ukipime kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito juu yake kwa penseli. Kiweke pamoja na mbao zako, kivulini, zikiwa zimepangwa kwa kutenganishwa na vijiti ili hewa ipite kati yake, na ukipime tena kila wiki. Uzito ukikaa pale pale kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mbao imelingana na hewa ya mahali ulipo na unaweza kuanza kazi. Kukausha juani kwa haraka ni kujidanganya, kwa sababu uso hukauka kabla ya moyo na vichwa hupasuka nyufa. Hata kivulini ni vizuri kupaka rangi ya zamani au gundi kwenye vichwa vya mbao ili visikauke mbele ya sehemu nyingine.

Kuhusu aina ya mbao, mninga ndio unaonisumbua kidogo kuliko yote, kwa sababu hunywea kidogo sana, hukubali patasi na hautoi nyufa hovyo. Bei yake unaijua. Ununue kwa muuzaji mwenye hati za kuvunia na kusafirishia mazao ya misitu, na unapoupiga msasa funika pua, maana vumbi lake huwaletea baadhi ya watu mafua makali na hata pumu. Paini ni laini na yenye bei nafuu, na kwa kujifunza haina mfano, ili mradi imekauka. Mkaratusi ni mgumu na una tabia ya kujipinda. Mimi nautumia kwa vigingi tu, vile vijiti vya kukazia kona nitakavyovieleza mbele. Zile mbao za kijani kibichi zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ziache kwenye paa: hutoka kwenye mtambo wa dawa zikiwa zimelowa tena, vumbi lake si la kuvuta, na vipande vyake havifai kuchomwa jikoni.

Vifaa, na hasa kunoa

Utahitaji msumeno mfupi wenye ukanda wa chuma mgongoni, patasi mbili au tatu, randa, nyundo ya mbao, skwea, kisu chenye ncha, keekee yenye kibiti cha milimita 8, jiriwa au namna yoyote ya kuishikilia mbao isitembee, na geji ya kuchorea. Geji unaweza kuiunda mwenyewe: chukua kijiti cha mraba chenye urefu wa sentimita 20, pigilia karibu na ncha yake msumari mwembamba hadi utokeze milimita 2 upande wa pili, uunoe kwa tupa uwe kama ulimi wa kisu, kisha kipitishe kijiti hicho katika tundu la kipande kingine cha mbao kinachokazwa kwa kabari. Ninayo moja ya namna hiyo tangu nianze kazi, na nimekwisha kununua na kupoteza za dukani tatu.

Patasi butu ndiyo chanzo cha matundu mengi mabaya kuliko mkono usio na uzoefu. Noa mteremko wake kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 juu ya kinoo kilichotiwa mafuta au maji, ukiipeleka mbele na nyuma bila kuinua mkono, hadi upande wa pili wa makali uusikie ukwaru kwa kidole. Kisha ilaze patasi kifudifudi, mgongo wake wote ukigusa kinoo, uuondoe ukwaru huo kwa miburuto michache. Usiuinue mgongo hata kidogo, kwa sababu mgongo uliochongoka kwa chini hautaongoza patasi kwenda wima. Jaribu makali kwenye kichwa cha kipande cha paini: patasi kali hutoa ganda jembamba na kuacha uso unaong'aa, butu huzisaga nyuzi laini na kuacha uso mweupe uliochakaa. Paini ni mwalimu mkali katika hili kuliko mninga.

Kuandaa na kuchora

Nitatumia mfano wa fremu ya mlango wa kabati iliyotokana na mbao za inchi mbili kwa tatu, ambazo zikishapigwa randa hubaki na unene wa milimita 45 na upana wa milimita 70 hivi. Mbao mbili za kusimama nitaziita miimo, na mbili za kulala nitaziita milalo. Tundu huchimbwa katika ubavu mwembamba wa mwimo, na ulimi hukatwa kwenye kichwa cha mlalo.

Piga randa uso mmoja wa kila mbao hadi unyooke. Kuhakikisha haujapinda kama feni, laza vijiti viwili vilivyonyooka juu ya uso huo, kimoja kila mwisho, uchutame na kutazama kwa jicho moja kama mgongo wa kijiti cha mbele unalingana na wa kijiti cha nyuma. Kisha nyoosha ubavu mmoja uwe mraba na uso huo. Weka alama ya penseli kwenye uso na ubavu huo, na kuanzia hapo kila kipimo, kila skwea na kila geji iegemee pande hizo mbili tu. Fundi anayeegemeza geji upande huu leo na upande ule kesho atapata fremu ambayo uso wake una ngazi katika kila kona.

Kata miimo ikiwa mirefu kuliko inavyotakiwa kwa milimita 25 kila mwisho. Vipande hivyo vya ziada hulinda mwisho wa mbao usipasuke wakati wa kuchimba tundu lililo karibu na kona, na hukatwa baada ya gundi kukauka. Laza miimo yote miwili pamoja, ubavu kwa ubavu, uchore mistari kwa pamoja: mstari wa kwanza milimita 25 kutoka mwisho, ambao ndio ukingo wa nje wa fremu, wa pili milimita 20 baada ya huo, wa tatu milimita 50 baada ya wa pili. Tundu litakuwa kati ya mstari wa pili na wa tatu. Zile milimita 20 za nje hazichimbwi hadi chini, kwa sababu tundu likifika ukingoni kona hubaki wazi kama mdomo na ulimi unaweza kuchomoka kwa juu; hapo utachimba kijifereji chenye kina cha milimita 15 tu, ili sehemu fupi ya ulimi ikae ndani yake na kuuzuia mlalo usijisokote.

Sasa unene wa ulimi. Kanuni ya kawaida ni theluthi moja ya unene wa mbao, yaani milimita 15 katika mfano wetu, lakini hapa ndipo wanaoanza wanapokosea kwa kuchora milimita 15 kamili halafu wakahangaika. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia, “Mwanangu, patasi ndiyo inayoamua unene wa ulimi, si wewe.” Upana wa tundu ni upana wa patasi uliyonayo, basi. Kama una patasi ya milimita 16, tundu ni la 16 na ulimi ni wa 16; kama unayo ya milimita 12 tu, fanya 12. Weka makali ya patasi katikati ya ubavu wa mwimo, uyabonyeze yaache alama mbili, rekebisha geji ifikie alama ya kwanza, uchore mbao zote nne kwa kipimo hicho bila kukigusa, kisha rekebisha kwa alama ya pili na uchore tena zote nne.

Mistari ya mabega ya ulimi ichorwe kwa kisu, si kwa penseli. Funga milalo yote miwili pamoja unapopima umbali kati ya bega la kushoto na la kulia, kwa sababu umbali huo ukitofautiana hata kwa milimita moja fremu haitakuwa mraba, na hakuna klampu, yaani kibano cha kukazia mbao, itakayoirekebisha. Urefu wa ulimi ni milimita 48, kwa tundu lenye kina cha milimita 50. Zile mbili ni nafasi ya gundi ya ziada.

Kuchimba tundu

Tundu huchimbwa kwanza, ulimi hufuata, kwa kuwa ni rahisi kuupunguza ulimi uliokatwa mnene kuliko kulipunguza tundu lililokwisha kupanuka.

Kaza mwimo juu ya mguu wa meza yako ya kazi, si katikati ya ubao wa meza, ili kila pigo lishuke moja kwa moja ardhini. Simama mwisho wa mbao na si pembeni yake. Ukiwa hapo utaona mara moja patasi inapoinamia kushoto au kulia. Kama jicho lako bado halijazoea, simamisha skwea kando ya patasi kwa matundu machache ya mwanzo. Zungushia patasi utepe milimita 50 kutoka kwenye makali ili ujue ulipofikia.

Anza katikati ya tundu. Piga pigo moja la wima, lisilo la nguvu nyingi, kisha sogea milimita 3 kuelekea mwisho mmoja, mteremko wa patasi ukiangalia katikati ulikotoka, upige tena. Kipande kilicho kati ya mapigo mawili kitavunjika na kuangukia kwenye shimo ulilokwisha kulifungua. Endelea hivyo hadi ubakishe milimita 2 kabla ya mstari, kisha geuza patasi urudi upande wa pili. Kila mzunguko utashuka zaidi, na shimo litakuwa na umbo la V linalopanuka. Toa maranda kila mara, kwa sababu patasi inayosaga maranda haishuki bali inapanua kuta. Zile milimita 2 za kila mwisho ziache hadi kina kitimie, kwa sababu utakuwa umezitumia kama egemeo la kung'olea vipande na zitakuwa zimechubuka. Pigo la mwisho, mgongo wa patasi ukielekea nje, ndilo litakaloacha ukuta safi.

Usiziguse kuta mbili ndefu. Kwa kuwa upana wa tundu ni upana wa patasi, kuta hizo hujitengeneza zenyewe, na kila ukijaribu “kuzisafisha” unazipanua. Sehemu pekee ya kusafisha ni sakafu, na hata hiyo haionekani na mtu.

Kukata ulimi

Kaza mlalo kwenye jiriwa, kichwa chake kikiinamia mbele, mbali nawe. Anza kukata shavu kwenye kona iliyo karibu nawe, kwa msumeno ulioinama, ukifuata mistari miwili kwa pamoja, ule wa kichwani na ule wa ubavuni unaouona. Ukifika karibu na bega, geuza mbao ukate mshazari wa upande wa pili. Baada ya hapo simamisha mbao wima na umalize kipande cha pembetatu kilichobaki katikati. Msumeno utafuata njia mbili ulizokwisha kuzikata. Kata upande wa taka, huku mstari wenyewe ukiuacha uonekane. Msumeno una unene, na unene huo ukiula mstari, ulimi umekwisha kulegea kabla haujaonja tundu.

Mabega hukatwa mwisho, kwa sababu ukiyaanza utapoteza mistari ya mashavu. Kwa patasi, ondoa kijiganda chembamba kando ya mstari wa kisu upande wa taka, upate kijifereji ambacho msumeno utajilaza ndani yake bila kuteleza. Ukimaliza, pitisha rula kwenye mabega: ni afadhali yawe yameingia ndani kidogo sana karibu na ulimi kuliko yawe yamebenuka, maana ukingo wa nje ndio utakaogusana na mwimo na ndio unaoonekana. Mwisho, punguza zile milimita 20 za nje za ulimi zibaki fupi, milimita 15, zikae katika kijifereji.

Jaribu ulimi kwa mkono. Ukiingia nusu kwa kusukuma na nusu iliyobaki kwa kugongwagongwa taratibu, umepata. Ukiinua mlalo hewani na mwimo ukaning'inia bila kuanguka, umepata vizuri. Ukihitaji nyundo nzito, acha, kwa sababu utaupasua mwimo. Sugua risasi ya penseli kwenye kuta za tundu, ingiza ulimi hadi ulipokwamia, uutoe, na mahali palipopata weusi ndipo pa kuparuza kwa patasi, ganda moja moja.

Kigingi, gundi na kukaza

Hiki ndicho kitu ambacho kitanda cha Nkuhungu kilikikosa. Kabla ya gundi, toboa mashavu ya mwimo kwa kibiti cha milimita 8, tundu moja linalovuka upande hadi upande, milimita 18 kutoka ukingo ambapo bega litaegemea. Ingiza ulimi hadi mwisho, bonyeza ncha ya kibiti kupitia tundu hilo iache alama kwenye shavu, kisha utoe ulimi. Usitoboe kwenye alama. Toboa ukiwa umesogea kuelekea bega, milimita 2 kwa paini na kama milimita 1 kwa mninga, ambao ni mgumu na haukubali kupindishwa sana. Kigingi kitakapopigiliwa kitalazimika kupita katika matundu yasiyolingana, na katika kujilazimisha huko kitauvuta ulimi ndani na kulibana bega. Mbao ikinywea Septemba, mvuto huo bado upo. Ukisogea upande usio sahihi, yaani kuelekea ncha ya ulimi, kigingi kitaisukuma kona ifunguke, nami nimewahi kufanya hivyo mbele ya mteja.

Kigingi kitoke kwenye mkaratusi mkavu uliopasuliwa kwa shoka dogo kufuata nyuzi, usiokatwa kwa msumeno, kwa sababu msumeno hukatiza nyuzi na kigingi huvunjikia ndani. Kipunguze kwa kisu hadi kikaribie unene, kisha kipitishe kwa nyundo katika kipande cha chuma bapa kilichotobolewa tundu la milimita 8. Chonga ncha yake ikonde kwa urefu wa sentimita 2 ili ipate njia.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Ipake kwenye kuta za tundu na mashavu ya ulimi, nyembamba lakini bila kuacha doa kavu, na ufanye kazi hii asubuhi na kivulini. Saa nane mchana ya Oktoba gundi hutengeneza ngozi juu kabla hujamaliza kona ya tatu. Unganisha kona zote nne, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mishazari yote miwili. Zikilingana, fremu ni mraba. Kama moja ni ndefu, ikaze zaidi upande huo kabla ya kupigilia vigingi. Asiye na klampu azungushe kamba ya katani fremu nzima, aweke vipande vya mbao kwenye kona zisiumie, kisha aisokote kamba kwa kijiti hadi ikaze. Iache fremu imelala mahali palipo sawa kwa siku moja, ndipo ukate vile vipande vya ziada na vichwa vya vigingi.

Sanduku na droo

Kona ya sanduku huunganisha mbao mbili nyembamba na pana, ambazo hazina unene wa kubeba tundu. Hapo hutumika meno yanayotanuka kuelekea ncha kama mkia wa njiwa, yakiingia katika nafasi zenye umbo hilo hilo kwenye mbao ya pili. Kona ya namna hiyo huchomoka upande mmoja tu. Kwa droo, mikia iwe kwenye mbao za ubavuni ili ukivuta uso wa droo kona izidi kujibana.

Mteremko wa mkia uwe moja kwa sita kwa paini na moja kwa nane kwa mninga. Kuupata ule wa moja kwa sita, chora juu ya kipande cha taka mstari wa milimita 60 ulio mraba na ukingo, sogea milimita 10 pembeni, na unganisha ncha. Mteremko ukizidi, pembe za mkia huwa nyembamba na kukatika. Chora kwa geji unene wa mbao ya pili, kata mikia kwanza, ondoa taka kwa patasi nusu kutoka kila upande ili uso usichanike, kisha simamisha mbao ya pili kwenye jiriwa, laza mikia juu ya kichwa chake, na uinakili kwa ncha ya kisu. Kuanzia hapo usipime tena kwa rula. Kata upande wa taka wa mstari wa kisu na ujaribu mara moja tu, kwa sababu kila jaribio hulegeza. Kwa kukaza, mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu na kuzungushwa kwa kuvutwa hushinda klampu nyingi.

Katika vigoda vya hapa kwetu vilivyochongwa kutoka gogo moja hutakuta kiungo hata kimoja, na naamini wazee waliovichonga walijua jua la Ugogo, nchi hii ya Wagogo, linavyozitenganisha mbao mbili zilizoungwa.

Kiungo kilichokwisha kulegea

Kile kitanda sikukiunda upya. Nilichomoa misumari, nikakwangua gundi ya zamani kutoka kwenye ndimi na matundu hadi mbao ionekane, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Nikapiga randa maranda marefu na mazito kutoka mbao ile ile ya paini, nikayabandika kwa gundi kwenye mashavu ya kila ulimi, nyuzi zikienda upande mmoja na za ulimi, na kuyabana usiku kucha kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa nailoni visigande. Kesho yake nilizipunguza kwa patasi hadi zikaingia kwa kugongwagongwa, nikatoboa kwa kusogea milimita 2 kuelekea bega, vigingi viwili kwa kila kona kwa kuwa mfumbati ni mpana, nikapaka gundi na kukaza. Ilikuwa Oktoba, mbao imekwisha kukauka kadiri inavyoweza kukauka hapa, na kitanda kimenyamaza tangu siku hiyo.